Chembe Changa Zinazogoma Kukua



Wiki hii naomba tuketi pamoja mbele ya hadubini. Najua wengi wenu mmezoea kunisikia nikizungumzia bei ya mahindi, barabara na mitihani ya darasa la saba. Leo nitazungumzia damu. Mimi si daktari. Nina stashahada yangu ya uandishi wa habari na miaka yangu mingi ya kubeba kinasa sauti. Lakini kazi hii imenifundisha kuuliza, na haya nitakayowaeleza nimeyauliza, nimeyasoma, na nimeyarudia mara kadhaa mbele ya wanaoyajua ili nisije nikawapotosha.

Nilikuwa nimekwenda kwenye maabara ya hospitali moja ya rufaa kurekodi sauti kwa ajili ya kipindi cha malaria. Mzee mmoja, mtaalamu wa maabara aliyekaribia kustaafu, alikuwa akisoma vioo vya damu, kimoja baada ya kingine, huku akiandika majibu kwenye daftari. Alipofika kwenye kioo kimoja akanyamaza. Akaongeza tone la mafuta, akabadilisha lenzi, akatazama tena kwa muda mrefu. Kisha akavua glavu, akasema, "Bwana mtangazaji, nisubiri kidogo," akatoka na kile kioo mkononi, akapanda ngazi kwenda wodini. Hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe.

Aliporudi nilimwuliza, "Mzee wangu, kuna nini?"

Akanijibu, "Damu hii haina malaria. Ina tita za kuni."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania. Na maelezo ya jibu lake ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Damu ile ilikuwa ya mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke ambaye hajafikisha miaka thelathini. Amenipa ruhusa nisimulie habari zake, ila jina lake libaki kwake. Alikuwa na homa kwa wiki mbili. Alikwisha kumeza dozi mbili za malaria. Kila alipopiga mswaki fizi zilitoka damu, na kwenye mapaja alikuwa na mabaka ya rangi ya zambarau bila ya kujigonga mahali popote.

Mimi nami nilikuwa na sababu yangu ya kuuliza sana. Mwaka 2009 binamu yangu alikuwa na dalili kama hizo hizo. Alipimwa, karatasi ikaandikwa kuwa hakuna vimelea vya malaria, akarudi nyumbani. Siku ya sita akashikwa na maumivu makali ya kichwa usiku, na kabla ya alfajiri alikuwa ametutoka. Sijui mpaka leo alikuwa na ugonjwa gani, na sitasema kuwa ulikuwa huu ninaoueleza. Ninachojua ni kwamba damu yake iliulizwa swali moja tu: malaria ipo au haipo? Ilipojibu haipo, hakuna aliyeiuliza swali la pili.

Sasa tuanze na damu ilivyo.

Ndani ya mifupa yetu mna uboho. Huko ndiko damu inakotengenezwa, na kiwanda hicho hakina sikukuu. Aina moja tu ya chembe nyeupe, ziitwazo netrofili, ambazo ni askari wa mbele dhidi ya bakteria, hutengenezwa takriban bilioni 100 kila siku. Lakini netrofili haizaliwi ikiwa askari kamili. Hupita ngazi kama mtoto anavyopita madarasa ya shule.

Darasa la kwanza huitwa mailoblasti. Ni chembe changa kabisa, yenye kiini kikubwa kinachojaza karibu nafasi yote, na mwili wake haujabeba kitu. Darasa la pili huitwa promailosaiti. Hapa chembe huwa kubwa kuliko ilivyokuwa, na kwa mara ya kwanza hujaza punje za rangi ya zambarau iliyoelekea wekundu. Punje hizo ndizo risasi zake za kesho. Darasa la tatu ni mailosaiti, la nne ni metamailosaiti, la tano ni bendi, ambayo kiini chake kimejikunja kama kiatu cha farasi. Baada ya hapo hutoka netrofili iliyohitimu, yenye kiini kilichokatika vipande vitatu au vinne vilivyoshikana, nayo huingia kwenye mishipa kufanya kazi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, madarasa ya mwanzo hayaonekani barabarani. Hubaki uboho. Ukiyaona kwenye damu ya kidole au ya mkono, ujue kuna jambo huko shuleni. Inaweza kuwa maambukizi makali tu. Inaweza kuwa saratani ya damu.

Saratani kali ya damu, kwa maneno mafupi, ni mgomo wa kupanda darasa. Chembe hukwama katika ngazi moja, hukataa kukomaa, na wakati huohuo huendelea kuzaliana. Uboho hujaa wanafunzi wasiohitimu. Wale wanaohitajika, yaani chembe nyekundu za kubeba hewa, chembe sahani za kuzuia damu isitoke, na askari kamili, hukosa nafasi. Ndiyo maana mgonjwa hupauka, hutokwa na damu, na hushikwa na homa zisizokwisha.

Lakini, ndugu msikilizaji, swali kubwa ni hili: chembe zimekwama darasa lipi? Hapo ndipo uhai na kifo vinapoachana njia.

Mwaka 1957 daktari mmoja wa Norway, Leif Hillestad, aliandika habari za wagonjwa watatu. Chembe zao hazikuwa zimekwama darasa la kwanza kama ilivyozoeleka. Zilikuwa zimekwama darasa la pili, kwenye promailosaiti. Walitokwa na damu vibaya, na maradhi yao hayakuchukua miezi, yalichukua wiki chache tu mpaka kifo. Hillestad alisema kuwa huu ni ugonjwa wa peke yake, tena mkali kuliko nduguze wote. Miaka miwili baadaye, mwaka 1959, Jean Bernard na wenzake mjini Paris wakaueleza kwa mapana zaidi. Mwaka 1976 madaktari wa Ufaransa, Marekani na Uingereza walipokubaliana namna ya kuziainisha saratani hizi kwa kuzitazama kwa hadubini, ugonjwa huu ulipewa namba yake, M3. Kwa jina kamili ni lukemia kali ya promailosaiti. Ni ugonjwa adimu. Kati ya wagonjwa kumi wenye saratani kali za damu za ukoo huu wa mailoidi, ni kama mmoja tu aliye nao.

Kwa nini damu hutoka namna hiyo? Kumbukeni zile punje. Promailosaiti zilizoharibika humwaga ndani ya mishipa vitu vinavyoichochea damu igande ovyo, huku na huku, pasipo jeraha. Mwili hutumia akiba yake yote ya kugandishia mahali pasipo na haja. Zaidi ya hapo, chembe hizo huchochea pia nguvu ya kuyeyusha madonge ya damu. Basi pale penye haja ya kweli, kwenye fizi, kwenye pua, au kwenye mshipa mdogo wa ubongo, hakuna kilichobaki cha kuziba. Mgonjwa wa ugonjwa huu hafi kwa sababu saratani imemla kidogo kidogo. Aghalabu akifa mapema hufa kwa damu kuvujia kichwani, tena katika siku za mwanzo kabisa.

Turudi sasa kwenye hadubini. Yule mzee aliniruhusu nichungulie, akanionyesha jinsi anavyozitenganisha chembe changa. Nitawasimulia kwa mpangilio aliotumia yeye.

Kwanza hutazama ukubwa na kiini. Mailoblasti ina kiini cha mviringo na nyuzi laini ndani yake, na ndani ya kiini huonekana vidoa vya rangi iliyofifia. Promailosaiti ya ugonjwa huu ina kiini kisicho na umbo la heshima. Mara kimebonyea kama figo, mara kimegawanyika sehemu mbili zilizoshikana katikati kama mbawa za kipepeo.

Pili hutazama punje. Kwenye promailosaiti ya kawaida punje zipo, lakini kando ya kiini huwa kuna eneo dogo jeupe, kama uwanja uliofagiliwa. Kwenye zile za ugonjwa, punje ni nyingi na nzito kiasi cha kuufunika uwanja huo, na pengine kiini chenyewe kisionekane vizuri.

Tatu hutafuta vijiti. Mwaka 1906 Mmarekani John Auer aliandika habari za vijiti vyembamba vyekundu alivyoviona ndani ya chembe za mgonjwa wa saratani ya damu. Mpaka leo vinaitwa vijiti vya Auer. Hutokana na punje zilizoungana. Katika saratani nyingine za ukoo huu unaweza kukuta kijiti kimoja ndani ya chembe. Katika hii unaweza kukuta chembe moja imebeba vijiti kumi, kumi na tano, vimelaliana kama kuni zilizofungwa kamba tayari kutwikwa kichwani. Madaktari nao wameziita chembe hizo kwa jina la tita la kuni. Hiyo ndiyo maana ya jibu la yule mzee. Ukiziona, unaacha ulichokuwa ukifanya na kupanda ngazi.

Hata hivyo ugonjwa huu una ujanja wake. Upo wa namna ya pili ambao punje zake ni ndogo mno kiasi kwamba hadubini ya kawaida haizioni. Chembe huonekana tupu, na kiini chake kimegawanyika mara mbili. Msomaji asiye mwangalifu huzidhania kuwa ni monosaiti, chembe nyeupe za ukoo mwingine. Hapo husaidia rangi ya kutambua kimeng'enya kiitwacho mailoperoksidesi. Chembe za ugonjwa huu huipokea kwa nguvu mno, na monosaiti huipokea kidogo au haiipokei kabisa. Tena ndani ya kundi hilo la pili, msomaji mvumilivu akitafuta huku na huku, aghalabu hukuta chembe chache zenye punje nzito au vijiti, nazo humwonyesha ukoo.

Na kuna mtego mwingine wa upande wa pili. Si kila kundi la promailosaiti ni saratani. Mtu ambaye askari wake walikuwa wamekwisha, labda kwa sababu ya dawa fulani, uboho wake unapoanza kuamka hujaa promailosaiti kwa siku chache, kama shule iliyoandikisha darasa jipya kwa mpigo. Lakini hizo ni nzuri. Viini vyake ni vya mviringo, ule uwanja mweupe upo, na vijiti vya Auer havimo. Baada ya siku chache zitapanda darasa zenyewe. Kumwita mtu huyo mgonjwa wa saratani ni kosa, na kumwacha mgonjwa wa saratani kwa kudhani ni huyu ni kosa kubwa zaidi.

Nikamwuliza mzee, "Mashine ya kuhesabu damu haiwezi kuyaona haya?"

Akacheka. "Mashine huhesabu vizuri kuliko mimi," akasema. "Lakini haijawahi kukata kuni."

Alikuwa na maana yake. Watu wengi, hata wenye elimu, huamini kuwa saratani ya damu ni lazima chembe nyeupe ziwe nyingi mno. Katika ugonjwa huu mara nyingi ni kinyume. Chembe nyeupe huwa chache. Karatasi ya yule mwalimu ilionyesha chembe nyeupe 1,900 na chembe sahani 14,000 kwa kipimo kile ambacho mtu mwenye afya huwa na chembe sahani zaidi ya 150,000. Chembe changa zilikuwa chache, tena zimekusanyika kwenye ncha ya utando wa damu, mahali ambapo chembe kubwa husukumwa wakati damu inapotandazwa. Asiyefika kwenye ncha hazioni.

Upo pia mtego wa hesabu. Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani za tangu mwaka 2001, saratani kali ya damu kwa kawaida hutangazwa pale blasti, yaani chembe za darasa la kwanza, zinapofika asilimia 20. Sasa mtu akihesabu darasa la kwanza peke yake katika ugonjwa huu anaweza kupata asilimia 3 au 4, akaandika kuwa hakuna saratani, na mgonjwa akafa na karatasi yenye majibu mazuri mkononi. Kwa hiyo kanuni inasema wazi: promailosaiti zilizoharibika za ugonjwa huu huhesabiwa pamoja na blasti. Ziko darasa la pili, lakini hapa mzigo wake ni uleule.

Hapa, ndugu wasikilizaji, kuna jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Rangi inayoonyesha kuni hizo si ngeni kwetu. Rangi ya Giemsa, iliyopewa jina la Gustav Giemsa wa Hamburg aliyeitangaza mwaka 1904 kwa ajili ya kutafutia malaria, ipo katika maabara nyingi hata za mbali na miji. Hadubini ipo. Kioo kipo. Tofauti ni namna ya kuiweka damu. Kwa malaria hutumia tone nene, ambalo maji huzipasua chembe nyekundu ili vimelea vionekane upesi. Tone nene huziacha chembe nyeupe zimechakaa, viini tupu. Halifai kwa kazi hii. Unahitajika utando mwembamba, uliotandazwa vizuri na kukazwa kwa methanoli kabla ya kutiwa rangi. Ni kazi ya dakika chache zaidi. Dakika hizo ndizo zilizompeleka mzee ngazini.

Mtaniuliza: na akishapanda ngazi, kuna faida gani? Si ni saratani ya damu?

Hapo ndipo penye habari njema ambayo ilinifanya niandae mazungumzo haya.

Mwaka 1977 mwanamama wa Chicago, Dakta Janet Rowley, alionyesha kuwa katika ugonjwa huu kromosomu ya 15 na ya 17 hubadilishana vipande. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikajulikana kilichoharibika. Kwenye kromosomu ya 17 kuna jeni ya kupokea amri itokanayo na vitamini A, na amri hiyo ni mojawapo ya zile zinazoiambia chembe changa ikue. Jeni hiyo ikishaungana na kipande cha kromosomu ya 15, mpokeaji wa amri huwa kiziwi. Amri ya kawaida haisikii. Ila ukimpigia kelele sana, husikia.

Na waliompigia kelele walikuwa wamekwisha anza kabla hata ya kujua ukiziwi ulipo. Mwaka 1985 mjini Shanghai, Profesa Wang Zhenyi alimpa mtoto wa kike wa miaka mitano, aliyekuwa akielekea kufa, dawa itokanayo na vitamini A iitwayo ATRA. Mtoto akapona. Mwaka 1988 yeye na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 24, wote ugonjwa wao ukiwa umetulia kabisa. Jambo la kushangaza ni namna dawa ilivyofanya kazi. Haikuziua chembe kwa sumu kama zifanyavyo dawa nyingi za saratani. Ilizipandisha darasa. Zile promailosaiti zilizogoma zilikomaa, zikawa netrofili, zikaishi siku zake chache, zikafa kama chembe nyingine. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Hapa samaki alikuwa amekauka, na bado akakunjika.

Kutoka mji mwingine wa China, Harbin, ikaja dawa ya pili. Tangu miaka ya 1970 Zhang Tingdong na wenzake walikuwa wakitibu kwa aseniki, wakianzia kwenye dawa ya kienyeji ya huko. Naam, aseniki ileile ambayo ni sumu. Ikipimwa na kutolewa kwa sindano hospitalini, nayo huivunja protini itokanayo na ile jeni iliyoungana vibaya. Mwaka 2013 Francesco Lo-Coco wa Italia na wenzake walitangaza matokeo ya kuziunganisha dawa hizi mbili kwa wagonjwa ambao chembe zao nyeupe hazikuwa nyingi sana, wakilinganisha na ATRA pamoja na dawa za kawaida za saratani. Baada ya miaka 2, asilimia 97 ya waliopewa ATRA na aseniki walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala tiba kushindwa. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 86. Ugonjwa uliokuwa mkali kuliko nduguze wote sasa ndio unaotibika kuliko wote.

Lakini dawa hizi haziwezi kumponya aliyekwisha kuvuja damu kichwani. Ndiyo maana kanuni ya tiba ni ya pekee: ATRA huanzishwa pale tu shaka inapoingia, kwa sababu ya kilichoonekana kwenye kioo, bila ya kusubiri kipimo cha jeni. Kipimo kitakuja baadaye kuthibitisha au kukanusha. Wakati huohuo mgonjwa huongezewa chembe sahani na vitu vya kugandisha damu. Hatua yote hiyo inaanza na jicho la mtu wa maabara.

Msiseme hayo ni ya nchi tajiri. Brazil, kabla ya kujipanga, katika kundi moja la wagonjwa lililochunguzwa, asilimia 32 walikufa mwanzoni mwa tiba. Kisha hospitali za Brazil, Mexico, Chile na Uruguay zikaungana. Zilifundishana kuutambua ugonjwa mapema, zikatumia kipimo cha bei nafuu kinachotoa jibu upesi, na zikaanza dawa palipo na shaka. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya mapema asilimia 15, na wagonjwa asilimia 80 wakiwa hai baada ya miaka 2. Dawa hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni muda kati ya kioo na wodi. Shirika la Afya Duniani nalo liliiweka ATRA kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na aseniki mwaka 2019. Ni juu yetu kuuliza kama zimo kwenye makabati ya hospitali zetu kubwa siku zinapohitajika.

Kabla sijaaga, maonyo mawili. La kwanza, asitokee mtu kununua vidonge vya vitamini A dukani akidhani anajitibu, wala kugusa aseniki. Vidonge vya dukani si ATRA, na vikizidi hudhuru. Hata ATRA yenyewe hutolewa chini ya uangalizi, kwa sababu chembe zinapokomaa kwa wingi zinaweza kuleta homa, maji mapafuni na shida ya kupumua, na daktari lazima awepo kuyatuliza. La pili, msiingiwe na hofu kila mnapopata homa. Ugonjwa huu ni adimu. Lakini homa ikiandamana na fizi zinazotoka damu, puani vilevile, mabaka mwilini bila kujigonga, na kupauka, usirudi nyumbani na jibu la malaria peke yake. Omba damu yako ihesabiwe yote, na omba utando mwembamba utazamwe. Siku hiyohiyo.

Na kwenu ndugu zangu wa maabara, mnaokaa nyuma ya dirisha dogo na hakuna anayewajua majina: mkiona tita la kuni msiandike tu kwenye daftari na kungoja karatasi ichukuliwe. Pandeni ngazi.

Mwalimu wetu alianzishiwa dawa jioni ileile. Kipimo cha jeni kilikuja baada ya siku tisa, kikathibitisha. Siku ya nne ya tiba aliumwa kichwa, na mama yake aliniambia kuwa usiku ule hakulala mtu. Kulikucha salama. Wiki sita baadaye uboho wake ulitazamwa upya, na chembe zilikuwa zinapanda madarasa kama kawaida. Bado anaendelea na tiba, na bado hajarudi kazini. Nilipomtembelea nilimkuta amekaa barazani akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake, ambayo mwalimu mwenzake alimletea kwa baiskeli. Nikamwambia kuhusu mzee na ngazi. Hakuwa amesikia. Aliniuliza jina lake, akaliandika nyuma ya daftari moja.

Mimi ninalo jina la binamu yangu, na sijui nani alisoma kioo chake. Simlaumu. Huenda hakuna aliyemfundisha kuuliza swali la pili.